Kadi za Dakta Codman na spa za sindano (4)

Katika makala zilizotangulia tuliandamana na Semmelweis, Nightingale na Lister hadi mikono na vifaa vya tabibu vilipoanza kuoshwa. Leo ilikuwa zamu ya dawa ya usingizi, lakini taarifa ya CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliyotoka Aprili 2024, imenifanya niiahirishe. Ushahidi unaonyesha kuwa wateja watatu wa spa moja ya New Mexico waliambukizwa VVU humo mwaka 2018, walipofuata sindano za urembo, zikiwemo zile za kurudishiwa usoni sehemu ya damu yao wenyewe. Spa haikuwa na leseni. Vichupa vya damu visivyo na lebo vilikutwa juu ya kaunta ya jikoni, na vingine kwenye friji pamoja na chakula.

Ernest Codman, mpasuaji wa Boston, angeuliza kwanza: kadi za wagonjwa ziko wapi? Kwake kila mgonjwa alikuwa na kadi inayoeleza alikuja na nini, alifanyiwa nini, na mwaka mmoja baadaye hali yake ikoje. Kama hakupona, ilieleza kosa lilikuwa wapi. Wakubwa wa hospitali alikofanya kazi hawakupendezwa. Mwaka 1911 akafungua hospitali yake ndogo, na hadi 1916 alikuwa ameruhusu wagonjwa 337. Akachapisha makosa yote yaliyotokea katika kuwatibu, 123, kwa fedha zake mwenyewe. Ni tabibu gani leo mwenye ujasiri huo? Mwaka 1915 alipowaonyesha wenzake hadharani katuni ya kuwakejeli, ya mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akitaga mayai ya dhahabu, walimtenga.

Hata hivyo, Chuo cha Wapasuaji cha Marekani, ambacho yeye alikuwa miongoni mwa waasisi wake, kiliandika viwango vya chini vya hospitali mwaka 1917, vikienea ukurasa mmoja tu. Hospitali 692 zilikaguliwa. Zilizofaulu zilikuwa 89. Miongoni mwa zilizoanguka zilikuwamo zenye majina makubwa, basi mwaka 1919 orodha ikachomwa katika tanuri la hoteli ya Waldorf Astoria, New York, isije ikawafikia waandishi wa habari. Naona huo ulikuwa usaliti kwa wagonjwa, ingawa kazi hiyohiyo ya ukaguzi ndiyo iliyozaa mfumo wa ithibati, na mwaka 1951 Joint Commission, chombo cha Marekani kinachozipa hospitali ithibati. Codman alifariki mwaka 1940, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi 2014.

Nafasi inaniishia. Leseni humruhusu mtu kufungua mlango. Ithibati humtaka athibitishe, ukaguzi baada ya ukaguzi, kwamba vifaa vinatakaswa na mteja anaandikwa. Anayechoma ngozi ya mtu kwa sindano anafanya tiba, hata akiiita urembo, na apimwe kama hospitali. Kule New Mexico kumbukumbu za wateja zilikuwa pungufu kiasi kwamba wachunguzi walilazimika kuunganisha fomu zilizoandikwa kwa mkono na namba zilizohifadhiwa kwenye simu, ili wajue ni nani wa kuitwa kupimwa.