Bwegera: Simu inavuka Ruzizi bila karatasi, bei inabaki ya ng'ambo

Huko Bwegera, katika bonde la Ruzizi, teritware ya Uvira, mto ndio mpaka. Ng'ambo ni Burundi. Mtu anayevuka anaombwa karatasi, lakini mawimbi ya simu hayaombwi kitu. Mlingoti wa upande mmoja unasikika upande wa pili, na simu yenye laini ya Kongo inaweza kushika rezo ya Burundi mwenyewe akiwa ameketi nyumbani kwake.

Hapo ndipo inite zinakwisha haraka. Kwa rezo, mwenye simu amekuwa msafiri. Tena kupiga kutoka 243 kwenda 257 kunahesabiwa kama kuita inchi ya mbali, hata kama anayeitwa anaishi ng'ambo tu ya mto.

Jambo hili liliongezeka uzito Februari 2025, wakati maelfu ya Wakongomani walikimbia vita na kuvuka Ruzizi, wengi wakipokelewa katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Kwa jamaa zilizotengana hivyo, simu ndiyo njia ya kujua nani mzima, nani mgonjwa, nani anarudi.

Je, bei inaweza kushuka? Mahali pengine ilishawezekana. Kuanzia mwaka 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuhesabiana kama rezo moja: msafiri halipi akipokea simu, na dakika moja ya kupiga isipite senti 10 za dola. DRC haikuwemo; iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Lakini kuingia Jumuiya hakushushi bei kwenyewe. Upande wa Kongo msimamizi ni ARPTC, upande wa Burundi ni ARCT. Inafaa hao wawili wapatane juu ya bei ambayo mashirika ya simu yanadaiana, na wapange masafa na nguvu ya milingoti karibu na mto ili rezo moja isimeze nyingine.

Inchi ndogo za visiwa vya Karibi zilifanya hivyo zamani. Mei 2000, Dominica, Grenada, Saint Lucia, Saint Kitts na Nevis, pamoja na Saint Vincent na Grenadines ziliunda shirika moja, ECTEL. Hakuna hata moja yenye kufikia wakaaji 200 000. Mji wa Uvira peke yake unazipita. Kila inchi ina tume yake, lakini kanuni na masafa vinatayarishwa pamoja. Kampuni iliyokuwa imeshika soko lote ikajikuta mbele ya serkali tano zenye sauti moja.

Kwa sasa, mkaaji wa mpakani anajisaidia: kubeba laini mbili, na kuchagua rezo yeye mwenyewe badala ya kuiachia simu. Hiyo inaokoa inite za mtu mmoja. Bei ya wote inangoja mapatano ya Kinshasa na Bujumbura.