Fumbo la Somerton: Siri ilipofumbuliwa, kilichobaki ni huzuni

ASUBUHI ya Desemba 1, 1948, wapita njia katika ufuo wa Somerton, karibu na mji wa Adelaide nchini Australia, walimkuta mwanamume ameegemea ukuta wa kuzuia mawimbi, miguu ameinyoosha kuelekea baharini. Alikuwa amevalia suti na tai, na viatu vyake viling'aa kana kwamba vimetoka kupigwa rangi. Kipande cha sigara kilikuwa kimeangukia ukosi wa koti lake. Alikuwa amekwisha kukata roho.

Mifukoni mwake mlikuwa na tiketi ya garimoshi ambayo hakuitumia, tiketi ya basi, kitana, kiberiti na chingamu. Hakuwa na kitambulisho wala pochi. Vitambaa vya majina vilikuwa vimekatwa kutoka kwenye mavazi yake. Madaktari waliompasua walishuku sumu, lakini vipimo havikugundua sumu yoyote. Uchunguzi uliofanywa mbele ya hakimu mnamo Juni 1949 ulishindwa kubaini jina lake au kilichomuua.

Hivyo ndivyo lilivyoanza mojawapo ya mafumbo mashuhuri zaidi duniani, ambalo kwa zaidi ya miaka 70 liliwakosesha usingizi wapelelezi, waandishi na wapenzi wa visa vya ajabu. Hata hivyo, lengo la makala haya si kumwongezea msomaji hofu ya mambo ya ajabu. Nia yetu ni kueleza jinsi fumbo hilo lilivyofumbuliwa, na jinsi lilivyomficha mtu ambaye huzuni yake haikuwa na ajabu yoyote.

Vijisehemu vya ushahidi vilivyopatikana baadaye vilizidi kulikoroga suala lenyewe. Mnamo Januari 1949, polisi walipata sanduku alilokuwa ameliacha katika stesheni ya garimoshi ya Adelaide. Ndani yake mlikuwa na nguo chache, baadhi zikiwa na jina Keane. Hakuna Keane aliyeripotiwa kupotea ambaye alilingana na maiti hiyo.

Aidha, katika kijifuko kidogo cha suruali yake kulipatikana kipande cha karatasi kilichochanwa kutoka katika kitabu cha mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi. Kilikuwa na maneno mawili ya Kiajemi yenye maana ya "imekwisha". Neno la kwanza lina mzizi mmoja wa Kiarabu na neno letu "tamati", ambalo malenga na wasimulizi huliweka mwishoni mwa kazi zao.

Kitabu chenyewe kilikuja kupatikana baada ya kutupwa ndani ya gari lililoegeshwa katika mtaa wa Glenelg, jirani na ufuo huo. Nyuma yake kulikuwa na safu za herufi zisizosomeka kama neno lolote, pamoja na nambari ya simu ya muuguzi aliyeishi karibu na mahali maiti ilipopatikana. Muuguzi huyo aliwaambia polisi kwamba hakumjua marehemu.

Wakati huo Vita Baridi vilikuwa vimeanza kupamba moto, na Australia ilikuwa na eneo la kufanyia majaribio ya roketi huko Woomera, katika jimbo hilo hilo. Si ajabu, basi, kwamba watu walianza kunong'ona kuhusu ujasusi. Herufi zile zikageuka kuwa ujumbe wa siri na marehemu akageuka kuwa mpelelezi wa dola ya kigeni. Naye muuguzi aliandamwa na uvumi kwamba alizaa na marehemu, uvumi ambao haukukoma hata baada yake kuaga dunia.

Kufumbuliwa kwa fumbo

Kabla ya mazishi ya Juni 14, 1949, polisi walikuwa wameagiza itengenezwe sanamu ya plasta ya kichwa na kifua cha marehemu ili sura yake isipotee. Nywele zake chache zilinasa ndani ya plasta hiyo. Hakuna aliyedhani wakati huo kwamba nywele hizo ndizo zingekuja kutamka jina lake.

Profesa Derek Abbott wa Chuo Kikuu cha Adelaide, aliyeitafiti kesi hii kwa miaka mingi, alishirikiana na mtaalamu wa Marekani, Colleen Fitzpatrick, kuchunguza DNA iliyotolewa kwenye nywele hizo. Mbinu waliyoitumia inafanana na kazi ya wazee wetu wanaojua nasaba. DNA ya mtu asiyejulikana hulinganishwa na ya watu waliojitolea kuweka zao katika hifadhi za nasaba. Akipatikana binamu wa mbali, watafiti huchora mti wa ukoo wake, kisha huwaondoa mmoja baada ya mwingine wale ambao kumbukumbu zinaonyesha walikokufa na walikozikwa.

Mti waliouchora ulikuwa na watu wapatao 4,000. Mwishowe alibaki mmoja ambaye hakuwa na tarehe ya kifo. Mnamo Julai 2022, watafiti hao walitangaza kwamba mtu wa Somerton ni Carl Webb, aliyezaliwa Novemba 16, 1905, katika mtaa wa Footscray mjini Melbourne. Polisi, waliokuwa wameufukua mwili mnamo Mei 2021 kwa uchunguzi wao wenyewe, hawakuuidhinisha mara moja utambuzi huo. Hata hivyo, ushahidi wa nasaba kutoka upande wa baba na wa mama ulielekea kwa mtu huyo mmoja.

Webb alikuwa nani?

Hakuwa jasusi. Alikuwa fundi wa umeme na mitambo, kitinda mimba katika familia ya watoto sita, na baba yake alikuwa mwoka mikate. Jina Keane lililowasumbua wapelelezi lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake. Yaelekea marehemu alivaa nguo alizopewa na jamaa, jambo la kawaida katika miaka ile ya vita na dhiki. Kuhusu herufi zile, Profesa Abbott alidokeza kwamba huenda zilihusu farasi, kwa kuwa Webb alipenda kucheza kamari ya mbio za farasi.

Miaka yake ya mwisho ilijaa misiba. Kaka yake alifariki akiwa mfungwa wa vita. Mpwa wake naye aliuawa katika vita hivyo hivyo. Mama yake alifariki mnamo 1946. Ndoa aliyofunga mnamo 1941 iliharibika, na baada ya Aprili 1947, alipotengana na mkewe, jina lake halionekani tena katika kumbukumbu zozote.

Katika nyaraka za talaka, mkewe alimweleza kama mtu wa kujitenga, mwenye marafiki wachache, aliyelala mapema, aliyetunga mashairi mengi kuhusu kifo, na aliyekuwa mkali na wa kutisha ndani ya nyumba. Hatuna haki ya kumgeuza Webb kuwa malaika, wala ya kuyapuuza mateso ya mkewe. Ila twaona wazi kwamba nyumba hiyo ilikuwa na watu wawili walioumia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mnamo 1951, mkewe aliwasilisha ombi la talaka kwa madai kwamba mumewe alikuwa amemtoroka. Wakati huo aliishi Bute, kijiji kilichoko katika jimbo lile lile la Adelaide, na watafiti wamejiuliza iwapo Webb alisafiri huko kumtafuta. Korti ilivunja ndoa hiyo mnamo 1952, bila mtu yeyote pale kujua kwamba mume aliyeshtakiwa kwa kutoroka alikuwa kaburini kwa miaka mitatu, chini ya jiwe lililoandikwa kuwa hapo amelala mtu asiyejulikana.

Waliompita njiani

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa fumbo hili hulitaja kwa haraka. Jioni ya Novemba 30, siku moja kabla ya maiti kugunduliwa, wapita njia walimwona mwanamume amejilaza mahali pale pale. Wengine walimwona akiinua mkono kisha ukaanguka. Wengine walishangaa jinsi alivyotulia licha ya mbu kumzunguka. Wote walidhani amelewa au amelala. Hakuna aliyemwendea.

Si vyema kuwalaumu, kwani wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Lakini tujiulize kwa nini maswali ya miaka 70 yalihusu ujasusi, sumu na herufi za siri, na si upweke wa mtu ambaye alikosekana kwa mwaka mzima na zaidi bila kutafutwa. Yamkini jibu ni kwamba fumbo huburudisha, ilhali huzuni humdai anayeitazama. Jasusi haombolezwi, ila ndugu huombolezwa.

Somo hili si la Australia pekee. Humu nchini, hospitali kuu hutoa matangazo magazetini kuomba jamaa wafike mochari kutambua maiti zisizo na wenyewe, kabla hazijazikwa katika kaburi la pamoja. Sisi tunaohariri kurasa tunaujua mpangilio wake: mwanamume asiyejulikana, mwanamke asiyejulikana, mtoto asiyejulikana. Msomaji hufunua ukurasa na kuendelea na habari za michezo.

Itakumbukwa kwamba katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Familia zilitoa sampuli za DNA na kungoja. Maiti za kwanza zilipoanza kukabidhiwa jamaa mjini Malindi mnamo Machi 2024, karibu mwaka mzima ulikuwa umepita, na kwa nyingi kati ya zilizosalia jina lilikuwa bado halijapatikana. Kwa mama anayesubiri, jina si jibu la kitendawili. Ni ruhusa ya kulia na kuzika.

Kilichomuua Carl Webb hakijathibitishwa hadi leo, na huenda kisijulikane kamwe. Lakini amerudishiwa jina lake, na pamoja nalo ndugu, misiba, mashairi na makosa yake. Tunapokutana tena na kisa cha kifo kisichoelezeka, kabla ya kuuliza ni nani aliyemuua, pengine tuanze kwa kuuliza ni nani aliyekuwa akimngoja nyumbani. Na ikiwa hakuwapo mtu, ni kwa nini.