Mnara wa Mbaraki una umri gani? Namna ya kuufikia utafiti uliokaguliwa

Hebu chukua simu uulize Google kuhusu Mnara wa Mbaraki, ule wa mawe ya matumbawe ulio karibu na bandari, hapa kisiwani Mombasa. Utamwagiwa kurasa za watalii na za picha. Nyingine zitakwambia ni kaburi la mzee wa Wachangamwe lililojengwa karne ya 14. Nyingine zitakupa karne ya 15. Chache zitataja mwaka wa 1700 hivi. Nawe una insha ya historia ya kuwasilisha Ijumaa. Utaandika lipi?

Wengi wetu hupiga kura. Jibu linalorudiwa na kurasa nyingi ndilo tunaloliandika. Shida ni kwamba kurasa hizi hunakiliana, tena neno kwa neno. Kumi zikisema jambo moja, huenda ni mtu mmoja tu aliyesema, wengine tisa wakapokea.

Sasa fuata uzi hadi unakoanzia. Utamkuta Hamo Sassoon, mwanaakiolojia aliyewahi kuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus. Mwaka wa 1982 alichapisha makala kuhusu msikiti na mnara wa Mbaraki katika toleo la 17 la jarida la Azania. Hoja yake ni hii: msikiti ulijengwa karne ya 15, ukaachwa na kuwa gofu katika karne ya 16, kisha gofu hilo likawa mahali watu walipokwenda kuomba mizimu. Mnara ulikuja baadaye, karibu na mwaka wa 1700, na unaonekana katika ramani ya Wareno ya 1728. Kwa hiyo ukimfuata Sassoon, msikiti na mnara si wa zama moja, na ile habari ya kaburi la karne ya 14 haisimami.

Mimi namwamini Sassoon kuliko ukurasa wa hoteli, wala si kwa sababu ya jina lake. Namwamini kwa kuwa ameeleza alivyofikia jibu, na ukitaka kumbishia unajua pa kuanzia. Ukurasa wa hoteli unakupa karne tu, basi.

Lipo jambo lingine. Jarida la kitaaluma halichapishi kila linacholetewa. Mhariri huipeleka makala kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo hiyo, mara nyingi bila mwandishi kujua ni nani. Hao huuliza maswali ya kuudhi: Umepimaje? Mbona hukumtaja fulani? Hitimisho hili limetoka wapi? Mwandishi hurudi kuandika upya, au hukataliwa kabisa. Hayo ndiyo mapitio ya wataalamu wenza, ambayo mhadhiri wako anayataka anaposema "niletee vyanzo vilivyokaguliwa". Usidhani ni desturi ya tangu jadi. Hata Nature, jarida linalotetemesha wanasayansi, lililifanya jambo hili kuwa sharti mwaka wa 1973 tu.

Ukaguzi huo nao hauzuii kila kosa. Makala ya 1998 katika The Lancet iliyohusisha chanjo ya surua na tatizo la usonji ilipita, ikatisha wazazi dunia nzima, na jarida likaifuta mwaka wa 2010. Miaka 12! Kwa hivyo kabla hujainukuu makala yoyote, angalia kama imefutwa.

Haya, tuipate sasa makala ya Mbaraki. Fungua Google Scholar, ambayo ni tofauti na Google ya kawaida, uandike "Mbaraki Sassoon Azania". Itakuja. Ukibonyeza, unagonga ukuta: lipa kwanza. Azania siku hizi huchapishwa na kampuni ya Taylor & Francis, na bei ya makala moja inaweza kumeza hela yako ya chakula cha wiki nzima. Usilipe. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa na kurudi kwa ukurasa wa hoteli, ilhali njia zipo.

Anza na maktaba ya chuo chako. Maktaba nyingi za vyuo nchini zimo katika muungano wa KLISC, ambao hununua kwa pamoja haki ya kusoma majarida mtandaoni. Karo yako tayari imechangia. Nenda kwa mkutubi, mwombe akuonyeshe namna ya kuingia ukiwa nyumbani. Huyo mkutubi mara nyingi amekaa tu anasubiri mtu amuulize kitu kingine kando na nywila ya waifai.

Kama huna chuo, jisajili JSTOR kwa barua pepe yako. Wanaruhusu kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi bila malipo. Kwa majarida ya Afrika kuna AJOL, iliyoanza mwaka wa 1998. DOAJ nayo inaorodhesha majarida ambayo ni wazi kwa kila mtu. Ukitaka utafiti kuhusu lugha na fasihi yetu, tena mwingine umeandikwa kwa Kiswahili chenyewe, jarida la Swahili Forum liko mtandaoni bure. Na mwandishi akiwa bado yuko kazini, mwandikie barua pepe fupi ya heshima kumwomba nakala. Wengi hutuma, na hufurahi kwamba kuna anayewasoma.

Usidhani cha bure ni hafifu. Machi 2023, Nature ilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Mtwapa, Manda na Kilwa. Profesa Chapurukha Kusimba ni mmoja wa waandishi. Walikuta kwamba kwa wengi wa watu hao asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa akina mama, na ya Kiajemi kwa akina baba. Mada ya nani ni Mswahili inaweza kuvunja baraza zima pale Mji wa Kale. Nayo makala yenyewe iko wazi, bila shilingi.

Cha kuogopwa ni majarida tapeli. Utapokea ujumbe: "Mheshimiwa mtafiti, tuma makala, itachapishwa ndani ya siku tatu." Halafu ankara ya dola. Mwanafunzi wa uzamili anayebanwa na sharti la kuchapisha ndiye windo lao. Mwaka wa 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga utafiti bandia wenye makosa ya wazi akautuma kwa majarida 304 ya mtandaoni. Zaidi ya nusu yaliukubali. Kabla ya kutoa pesa, tafuta jarida hilo katika DOAJ, kisha tazama majina ya bodi ya wahariri na uhakikishe kwamba wao wenyewe wanakiri kuwa humo. Anayeahidi siku tatu hana mkaguzi yeyote.

Na ChatGPT? Inaweza kukupa orodha ya marejeleo yaliyonyooka, yana mwaka, jarida na nambari za kurasa, kumbe mengine hayajawahi kuwepo. Kila jina la makala inayokupa, litafute Google Scholar. Ikiwa na nambari ya DOI, iweke katika tovuti ya doi.org. Ikifungua makala nyingine au isifungue kitu, ifute kwenye insha yako kabla msimamizi hajaiona.

Ukishampata Sassoon, usimfunge upesi. Shuka kwenye marejeleo yake uone alimsoma nani kabla yake. Kisha rudi Google Scholar, chini ya jina la makala utaona idadi ya kazi zilizoinukuu. Bonyeza hapo. Utapata waliokuja baada ya 1982, na utaona nani anakubaliana naye kuhusu mnara huo na nani anampinga.