Mafunzo ya nyanjani katika karakana ya chuo kikuu: Mwanafunzi hufanya nini huko?

Kila mwaka ifikapo Mei, ofisi za Kaunti hupokea barua nyingi za wanafunzi wanaoomba nafasi za mafunzo ya nyanjani. Nafasi hazitoshi wote. Anayekosa hapotezi miezi mitatu tu. Katika kozi nyingi za uhandisi na ufundi, mwanafunzi asiyekamilisha mafunzo hayo hawezi kufuzu, hata kama amepita mitihani yote na karo imelipwa.

Baadhi ya wanafunzi wameanza kupata nafasi katika karakana za ubunifu zilizo ndani ya vyuo vikuu, na wazazi wanatuuliza: mtoto atajifunza nini kipya akibaki chuoni? Swali ni la haki, hasa kwa mzazi anayelipa nauli na kodi ya chumba Nairobi.

Karakana ya ubunifu ni chumba chenye mashine za kutengenezea vitu vichache vichache, tofauti na kiwanda kinachotoa maelfu ya kitu kimoja. Wazo hili lilienezwa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana ya namna hii, na wanafunzi na wahandisi wake wameshirikiana na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kubuni vifaa vya kuhudumia akina mama na watoto wachanga. Wengi wetu pia tunakumbuka Aprili 2020, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipotengeneza mashine ya kusaidia wagonjwa kupumua, dunia nzima ikiwa inazigombania mashine hizo.

Kazi yenyewe ikoje? Tuseme kitufe cha kuzungusha cha mashine ya kupasha joto watoto wachanga kimevunjika katika hospitali ndogo. Mashine ni nzima, lakini haiwezi kuwekwa kiwango cha joto, na kipuri kinaagizwa ng'ambo. Mwanafunzi hupewa vipande vilivyovunjika. Huvipima kwa kalipa, huchora umbo kwenye kompyuta, kisha huutuma mchoro kwa printa ya 3D, ambayo huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka lina unene wa takriban sehemu mbili za kumi za milimita, kwa hivyo hata kitu kidogo huchukua saa kadhaa.

Mara ya kwanza kitufe huenda kisiingie. Plastiki hujikunja kidogo inapopoa, na tundu likawa dogo kuliko lilivyochorwa. Anarekebisha mchoro na kuchapisha tena. Kinaingia, lakini msimamizi anamuuliza kitakaa umbali gani na sehemu yenye moto. Plastiki inayotumika zaidi katika printa hizi, PLA, hutengenezwa kwa wanga wa mimea kama mahindi na huanza kulegea ikifika nyuzi joto 60 hivi. Huenda ikabidi atafute plastiki nyingine na kuanza upya. Hata kikikamilika, hakiwekwi kwenye mashine mpaka fundi wa vifaa vya matibabu wa hospitali akikague na kukikubali.

Hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza. Darasani jibu likikosewa, alama hupungua na somo linaendelea. Karakanani kosa linabaki mezani hadi lirekebishwe, na muuguzi anasubiri. Mwandishi wa makala haya alifanya mafunzo yake katika chumba cha habari ambako wiki mbili za kwanza zilikwisha kwa kunakili karatasi na kutumwa chai. Nafasi yenye jina kubwa si lazima iwe na kazi.

Hata hivyo, si kila karakana ni nzuri, na mashine hizi zina hatari. Mashine ya leza hukata mbao nyembamba na plastiki kwa usafi wa ajabu, lakini ukiiwekea PVC, plastiki ile ya mabomba ya maji, hutoa gesi inayochoma mapafu na kuozesha mashine yenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Kwa hivyo, kabla ya kukubali nafasi, mwanafunzi aulize kama miwani na glavu zipo, nani atakuwa karibu mashine zikiwaka, na bima ya ajali inalipwa na nani.

Aulize pia idara yake, kwa maandishi, kama karakana iliyo ndani ya chuo inahesabiwa kuwa mafunzo ya nyanjani. Baadhi ya idara hukubali, nyingine hutaka kampuni ya nje. Kugundua hilo wiki ya kumi ni hasara isiyorudishika. Daftari la kazi lijazwe kila siku na kutiwa sahihi na msimamizi kila wiki, kwa kuwa mhadhiri akija kukagua hilo ndilo atakaloomba kwanza. Malipo ni nadra, hivyo familia zipange nauli na chakula mapema.

Vyuo vikuu viko chini ya Serikali ya Kitaifa, na Kaunti haina mamlaka ya kugawa nafasi katika karakana zao. Tulizo nazo chini yetu ni vyuo vya ufundi vya mashinani, ambavyo navyo vina karakana za uchomeleaji, useremala na umeme. Mwanafunzi wa uhandisi aliyekosa nafasi mjini anaweza kuuliza katika chuo kilicho karibu na kwao, mradi idara yake ikubali. Aende na barua ya kutambulishwa kutoka chuoni, nakala ya kitambulisho na stakabadhi ya bima, angalau miezi miwili kabla ya tarehe ya kuanza. Ofisi ya msimamizi wa wadi itamwelekeza kwa mkuu wa chuo.