Ndege wa Ziwa Chilika

Somo letu la leo latoka Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mstari wa 6 na wa 7. Hapo Musa anatoa amri ndogo ambayo wengi wetu huipita mbio tusomapo. Mtu akikuta kiota njiani, na ndege amelalia mayai au makinda, ana ruhusa kuyatwaa makinda, lakini mama yao hana budi kumwachilia. Na ahadi iliyofungwa pamoja na amri hiyo ni ile ile wapewayo wale wanaowaheshimu baba na mama: kufanikiwa na kuzidishiwa siku.

Je, kwa nini Mungu aliyeumba mbingu na nchi ajishughulishe na kiota? Twendeni India tukaone.

Kwenye pwani ya mashariki ya nchi hiyo, katika jimbo la Odisha, liko ziwa liitwalo Chilika. Maji matamu ya mito na maji ya chumvi ya bahari huchanganyika humo, kwa maana ziwa lina mlango wa kutokea Ghuba ya Bengal. Wakati wa mvua huenea hata kufikia kilometa za mraba 1,100 hivi. Wavuvi wa vijiji vingi hupata humo riziki yao: samaki, kamba na kaa. Wako na wafugaji wenye nyati wa kufugwa, ambao jioni huingia majini, wakala majani ya ziwani usiku, na asubuhi wakarudi kukamuliwa. Wamo pomboo pia. Tena kila mwaka, kuanzia Oktoba, ndege wengi huja kutoka nchi za baridi za kaskazini, hata Siberia, wakakaa mpaka karibu na Machi.

Kaskazini mwa ziwa hilo kipo kijiji cha Mangalajodi. Zamani watu wengi wa hapo walikuwa mabingwa wa kuwinda ndege. Waliwanasa kwa nyavu, waliwategea sumu, na nyama wakaiuza. Tusiwahukumu upesi. Maskini amwonapo bata-mwitu huona kwanza chakula cha watoto wake. Lakini sumu haichagui. Huua mama na kinda, huua wa kuliwa na asiyeliwa. Ndege wakapungua, na mwindaji akawa anaivunja sufuria yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo, katika miaka ya mwisho ya 1990, watu waliowapenda ndege wakaenda kuketi na wawindaji hao na kusemezana nao. Haikuwa kazi ya siku moja. Mtu huwezi kumwambia aache kuwinda usimwonyeshe atakula nini kesho. Lakini polepole wengi waliweka mitego chini, wakaunda kamati ya kuwalinda ndege. Leo wale waliozijua njia zote za matete kwa kuua, wanazitumia kwa kulinda. Huwachukua wageni katika mitumbwi inayosukumwa kwa pondo, pasipo injini, ndege wasije wakashtuka, na kwa kazi hiyo hulisha jamaa zao. Ujuzi ni ule ule, kazi ndiyo iliyogeuka. Januari 2024 ndege wa ziwa zima walipohesabiwa, walipatikana zaidi ya milioni moja.

Ziwa lenyewe nalo liliugua. Mchanga na matope viliziba njia ya bahari, chumvi ikapungua, magugu yakaenea, na samaki wakawa haba. Mwaka 1993 Chilika liliandikwa katika orodha ya ulimwengu ya maziwa na mabwawa yaliyo hatarini. Mwaka 2000 watu walichimba mlango mpya wa kutokea baharini. Samaki wakaongezeka tena, na mwaka 2002 jina la ziwa likaondolewa katika orodha hiyo. Mlango uliowafaa samaki na pomboo uliwafaa na wavuvi.

Hata hivyo kazi haijaisha. Pomboo wangali wakinaswa nyavuni au kujeruhiwa na mashua za injini, na mvuvi naye hawezi kukunja nyavu zake akalala njaa. Kila siku lazima pande zote mbili zifikiriwe.

Sasa twaweza kuielewa ile amri ya kiota. Musa hakumnyima mwenye njaa chakula, bali alimwekea mpaka. Chukua cha leo, umwache mama azae cha kesho. Anayechukua vyote kwa sababu ana nguvu, hawaonei ndege tu, awaonea na watoto wake mwenyewe. Ndiyo maana Mithali 12:10 hupima haki ya mtu kwa jinsi anavyomtunza mnyama wake. Mnyama hawezi kwenda barazani kushtaki. Ukimtendea mema, humtendei kwa kumwogopa.

Basi, ndugu msikilizaji, leo jioni mtazame ng'ombe wako, au punda aliyekubebea maji. Je, ana kidonda chini ya kamba? Amekunywa? Yule aliyemwona ndege kiotani amwona na yeye.

Bwana atupe macho ya kuona na mikono yenye huruma. Amina.