Jiko la mkaa ndani ya madrasa: tahadhari msimu wa baridi

Baridi ya Uyole mwezi wa Juni na Julai unaijua. Mtoto anafika madrasa vidole vimekufa ganzi, na ustadhi kwa huruma anaingiza jiko la mkaa, anafunga mlango na madirisha. Vituo vya kulelea watoto navyo hufanya hivyo watoto wanapolala mchana. Nami nilisoma katika chumba cha namna hiyo. Tukilalamika kuumwa kichwa tuliambiwa ni uvivu.

Moshi wa kuni tunauogopa kwa kuwa unawasha macho. Mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu, tunasema ni salama. La hasha. Mkaa huo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikifika kwenye damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mwili ukakosa hewa ilhali mtoto anapumua. Hata kifaa cha kubana kidoleni tunachopimia oksijeni hudanganyika, kikaonyesha namba nzuri.

Mtoto huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, husinzia. Mzazi hudhani ni malaria. Basi jiulize: je, wameumwa watoto kadhaa kwa pamoja? Wakitoka nje wanapata nafuu? Kama ndivyo, watoe wote nje upesi, uwapeleke hospitali, na umweleze mganga kwamba kulikuwa na jiko ndani. Usipomwambia, huenda asiwaze kabisa.

Moshi nao una madhara yake, hasa nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mwenye kikohozi, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, usingoje kesho.

Mtume (s.a.w.) alituamrisha kuzima moto kabla ya kulala. Kwa hiyo watoto wasilazwe penye jiko linalowaka, hata mlango ukiwa wazi. Wazazi tuchangie mikeka minene, sweta na uji wa moto. Jiko libaki nje, na madirisha ya pande mbili yafunguliwe kidogo. Ustadhi asiachiwe mzigo huu peke yake. Ada tunayompa mara nyingi haitoshi hata chaki.