Kasa Ni Amana Mikononi Mwetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Al-An'am kwamba wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma mfano wetu. Basi leo na tumtazame kiumbe mmoja wa mwambao wetu, naye ni kasa.

Kasa huishi baharini, lakini hana budi kupanda pwani ili atage. Usiku huchimba shimo mchangani, akataga mayai yapatayo 100 au zaidi, akayafukia, kisha akarudi majini. Baada ya kiasi cha miezi miwili watoto hutoka. Wengi wao huliwa na kaa, ndege na samaki. Na yule asalimikaye huchukua miaka 20 au zaidi kabla naye hajataga. Kwa hiyo amchinjaye kasa mmoja aliye mzazi amekata kizazi cha miaka mingi.

Na madhara hayaishii kwa kasa. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa. Nyama hiyo huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, na dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Tufanye nini basi? Tuonapo shimo la mayai, tusilifukue. Wenye nyumba ufukweni wapunguze taa usiku, kwani mwanga wa nchi kavu huwapoteza watoto wa kasa njia ya baharini. Tusitupe mifuko ya plastiki pwani, maana kasa huidhania konyeza akaimeza. Wala tusinunue mapambo ya magamba ya ng'amba. Akikosekana mnunuzi, mwindaji hana faida.

Na mvuvi akimkuta kasa hai wavuni, amwachie. Asiseme, "Nikimwacha mimi, atamchukua mwingine." Kila mtu ataulizwa kwa amali yake. Mtume (S.A.W.) alitusimulia habari za mtu aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, naye akasamehewa dhambi zake. Basi tusiudharau wema wa mkono unaomnasua kasa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana yake. Amin. Wabillahi taufiq.